Mwanachama, Mdai na Dalali: Lugha ya Bima ya Afya kwa Mzaliwa wa Chumbi Aishiye Ughaibuni

Ikisiri

Makala haya yanaeleza namna madai ya bima ya afya yanavyoshughulikiwa na mtu aishiye nje ya nchi yake, pamoja na nafasi ya dalali wa bima katika shughuli hiyo. Mfano unaotumika ni wa mtu aliyetoka Chumbi, wilayani Rufiji, akaenda kufanya kazi katika nchi za Ghuba. Hoja kuu ni kwamba msamiati wa bima alioondoka nao nyumbani ulijengwa na mifuko ya afya ambamo mwanachama hadai chochote, kwa kuwa kituo cha tiba ndicho kinachodai. Afikapo ng'ambo hutakiwa kuwa mdai yeye mwenyewe. Hapo maneno anayoyajua tangu utotoni, kama vile wakala, dalali, fidia na ugonjwa sugu, huweza kumpeleka kwa mtu asiyehusika au kumfanya atoe jibu litakaloliangusha dai lake. Makala yanafafanua maneno hayo moja baada ya jingine, yanaeleza hatua za dai, na yanapendekeza namna istilahi hizo zinavyoweza kuwekwa wazi kabla msafiri hajaondoka.

1.0 Utangulizi

Chumbi ipo kusini mwa Mto Rufiji, kwenye barabara itokayo Dar es Salaam kupitia Kibiti na Ikwiriri kuelekea Lindi na Mtwara. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, wasafiri wa njia hiyo walivuka mto kwa kivuko cha Ndundu, na mgonjwa aliyetakiwa kupelekwa kaskazini alitegemea kivuko hichohicho. Daraja limebadili maana ya umbali. Barabara impelekayo mgonjwa Dar es Salaam ndiyo hiyohiyo impelekayo kijana kwenye uwanja wa ndege, na kutoka hapo kwenye kazi za nyumbani, udereva, ulinzi na hoteli katika miji ya Ghuba.

Utafiti wa afya si jambo geni Rufiji. Wilaya hiyo ilikuwa mojawapo ya maeneo ya mradi wa TEHIP katika miaka ya 1990, na mwaka 1998 ulianza huko ufuatiliaji wa takwimu za kaya, vizazi na vifo. Makala haya yanahusu jambo ambalo takwimu za kaya haziwezi kulionyesha kwa urahisi: yale yanayompata mwanakaya anapougua akiwa ng'ambo, akiwa na kadi ya bima mkononi, na asijue aseme nini na amwambie nani.

Njia iliyotumika ni uchambuzi wa istilahi. Maana ya neno katika matumizi ya kila siku inalinganishwa na maana yake katika sheria na mikataba ya bima. Pale panapohitajika mfano, unatumika mfano wa kubuni: mwanamke wa Chumbi mwenye umri wa miaka 34, afanyaye kazi ya nyumbani mjini Dubai, ambaye mama yake mzazi na watoto wake wawili wamebaki kijijini. Dubai imechaguliwa kwa sababu sheria yake iko wazi. Sheria Na. 11 ya mwaka 2013 inamtaka mwajiri amgharimie mfanyakazi wake bima ya afya. Abu Dhabi ilikuwa imetangulia kwa Sheria Na. 23 ya mwaka 2005, na tangu tarehe 1 Januari 2025 sharti hilo limefika pia katika falme nyingine za Muungano huo, wafanyakazi wa nyumbani wakiwamo. Kwa hiyo, katika mfano huu, swali la msingi si kama mfanyakazi ana bima. Swali ni kama anaweza kuitumia.

2.0 Bima kama uanachama

Ili kuelewa msamiati wa mfanyakazi huyu, hatuna budi kuanzia nyumbani. Mfuko wa Afya ya Jamii, ujulikanao kwa kifupi CHF, ulianza kwa majaribio wilayani Igunga mwaka 1996 na ukawekewa sheria mwaka 2001. Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya uliundwa kwa sheria ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001 kwa kuwahudumia kwanza watumishi wa umma. CHF iliyoboreshwa ilipoanza mwaka 2018, kaya ya watu wasiozidi 6 ilichangia shilingi 30,000 kwa mwaka. Kisha ikatungwa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023.

Maneno yaliyoenea pamoja na mifuko hiyo ni haya: mwanachama, kaya, mchango, kadi, kituo. Ni maneno ya ujamaa na ushirika. Mtu huchangia, hupewa kadi, huenda kituoni, hutibiwa. Ikiwa dawa haipo, lawama huelekezwa kwenye kituo. Jambo ambalo mwanachama halioni ni kwamba madai yapo nyuma ya pazia: baada ya mgonjwa kuondoka, kituo hujaza fomu na kuupelekea mfuko madai ya malipo. Sehemu pekee ya mgonjwa katika kazi hiyo ni saini yake, na mara nyingi haelezwi saini hiyo ni ya nini.

Kutokana na hali hiyo yanazaliwa mazoea matatu. La kwanza ni kuamini kwamba kadi ndiyo bima yenyewe. La pili ni kuamini kwamba kadi ni ya kaya, hivyo ndugu wanaweza kuitumia kwa pamoja. La tatu ni kuamini kwamba mgonjwa hana kazi ya maandishi. Katika mfumo wa nyumbani mazoea ya kwanza na ya tatu hayaleti madhara makubwa. Katika bima ya kibiashara ya ng'ambo, mazoea yote matatu yana hasara. Kadi ni kitambulisho tu, na haki zenyewe zimeandikwa katika hati ya bima ambayo huenda mfanyakazi hajawahi kuiona. Kadi ni ya mtu mmoja, na kumwazima shoga au ndugu huhesabiwa kuwa udanganyifu hata kama aliyeazimwa alikuwa mgonjwa kweli. Tena, mgonjwa huweza kutakiwa kuthibitisha kwa karatasi kila hatua ya matibabu yake.

3.0 Kutoka uanachama hadi udai

Madai ya bima ya afya hulipwa kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ile ambayo hospitali iliyo katika mtandao wa kampuni ya bima humtibu mgonjwa kwa kadi, kisha hospitali hudai. Njia hii inafanana na ile ya nyumbani, ila ina masharti yake: hospitali iwe katika orodha ya hati husika, na kwa upasuaji, kulazwa au vipimo vya gharama kubwa pawepo kibali cha awali. Njia ya pili ni ile ambayo mgonjwa hulipa kwanza kwa fedha yake, kisha hudai arejeshewe. Hutumika zaidi katika dharura, katika hospitali iliyo nje ya mtandao, au katika nchi nyingine pale hati inaporuhusu.

Kati ya hospitali na kampuni ya bima mara nyingi husimama chombo cha tatu, yaani kampuni inayosimamia madai kwa niaba ya bima. Makala haya yanakiita msimamizi wa madai. Ndicho kinachotoa kibali cha awali, hupokea risiti na kuandika barua ya kukubali au kukataa. Jina lake huwa kwenye kadi, aghalabu kwa herufi ndogo chini ya jina la kampuni ya bima. Nchini Oman, ambako jamii ya wasemaji wa Kiswahili ni kubwa na ya siku nyingi, mawasiliano kati ya hospitali, kampuni za bima na wasimamizi wa madai hupitia mfumo wa kielektroniki uitwao Dhamani. Msemaji wa Kiswahili hulitambua jina hilo mara moja kwa sababu ya neno dhamana. Hata hivyo, mfumo huo ni njia ya kupitisha madai, wala haumdhamini mgonjwa kwamba dai lake litakubaliwa.

Neno fidia nalo lahitaji uangalifu. Katika Kiswahili, fidia ni malipo kwa aliyedhurika au kupoteza kitu. Kwa Watanzania walio wengi neno hili pia limefungamana na Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015. Mtu aliyeteguka mgongo kwa kunyanyua mzigo Dubai, akiambiwa kwamba bima ya afya hutoa fidia, atatarajia kulipwa kwa maumivu yake na kwa siku alizokosa kazi. Bima ya afya haifanyi hivyo. Hulipia gharama za tiba, basi. Madhara ya kazini hushughulikiwa kwa sheria ya kazi na kwa mwajiri. Mtu asipotenganisha mambo haya mawili huweza kupeleka dai moja mahali pasipolihusu, na muda wa dai la pili ukampita. Kwa sababu hiyo makala haya yanapendekeza kwamba katika bima ya afya litumike tamko "marejesho ya gharama", na neno fidia libaki kwa madhara.

4.0 Wakala, wakili na dalali

Maneno haya matatu ndiyo yenye utata mkubwa zaidi, kwa kuwa yote ni ya kawaida mno.

Wakala. Katika Tanzania ya leo, neno hili lina maana zisizopungua nne. Ni taasisi ya serikali, kama Wakala wa Barabara. Ni mwenye kibanda cha kutoa na kuweka fedha za simu, na hii ndiyo maana isikikayo zaidi kijijini. Ni wakala wa ajira, yaani kampuni inayomtafutia mtu kazi nje ya nchi na kushughulikia mkataba na viza. Mwisho, ni wakala wa bima, yaani mtu auzaye bima kwa niaba ya kampuni ya bima. Mfanyakazi wetu alipoondoka Chumbi alikuwa na wakala mmoja tu kichwani: wakala wa ajira. Akiugua, huyo ndiye ampigiaye simu. Lakini wakala wa ajira si mhusika katika mkataba wa bima. Hana uwezo wa kutoa kibali cha awali wala wa kupokea dai. Siku mbili zinazopotea zikisubiri simu yake irudi huweza kuwa ndizo siku mbili ambazo hati ya bima imetoa kwa taarifa ya dharura.

Wakili. Kwa Mswahili, wakili ni mwanasheria. Kwa Mwarabu wa Ghuba, wakil ni mwakilishi yeyote, na wakil wa bima ni yule ambaye sisi tunamwita wakala. Mwanasheria huitwa muhami. Msemaji wa Kiswahili akiambiwa kwamba wakil wa bima anataka kuzungumza naye, aweza kuogopa kwamba ameshitakiwa, au kutumaini kwamba amepata mtetezi. Yote mawili si kweli. Neno bima lenyewe halimsaidii huko. Asili yake ni Kiajemi na Kihindi, na Kiarabu hutumia ta'min, lenye mzizi mmoja na maneno yetu amana, amani na imani.

Dalali. Neno hili limetokana na Kiarabu, na Mswahili hulihusisha na mnada, viwanja, nyumba za kupanga, magari, samaki na mazao. Yupo pia dalali wa mahakama, ambaye hufika kukamata mali. Katika mikoa ya korosho, Pwani ikiwamo, mkulima anajua vilevile kangomba, yaani ununuzi wa korosho kwa bei ya chini nje ya utaratibu rasmi, unaofanywa wakati mkulima ana shida ya fedha. Kwa mtu aliyekulia katika mazingira hayo, mtu wa kati ni mtu anayefaidika na haraka au ujinga wa mwenzake. Akisikia "dalali wa bima", hujihadhari naye.

Katika sheria, maana ni kinyume cha hofu hiyo. Sheria ya Bima ya mwaka 2009 ya Tanzania, inayosimamiwa na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, inatofautisha wakala na dalali, na tofauti ya aina hiyo imo katika sheria za nchi nyingi. Wakala wa bima huiwakilisha kampuni ya bima. Dalali wa bima humwakilisha mkata bima: hulinganisha hati za kampuni mbalimbali, humshauri mteja wake, na dai likitokea humsaidia kuliandaa na kulifuatilia. Kwa hiyo yule anayehofiwa kwa jina lake ndiye aliyewekwa upande wa mteja, na yule mwenye jina la kuaminika ndiye aliye upande wa kampuni.

Historia inaeleza kwa nini maana hii ya dalali haikuenea. Shirika la Bima la Taifa liliundwa mwaka 1963, na baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 biashara ya bima ikawa mikononi mwa dola hadi soko lilipofunguliwa kwa sheria ya mwaka 1996. Kwa takriban miaka 30, mwananchi hakuwa na kampuni za kuchagua, na pasipo kuchagua hapana haja ya mshauri wa kuchagua. Neno dalali liliendelea kuishi sokoni na mnadani bila kupata maana mpya.

4.1 Dalali ni wa nani?

Hata baada ya kujua kwamba dalali humwakilisha mkata bima, bado lipo swali: mkata bima ni nani? Katika mfano wetu si mfanyakazi. Aliyekata bima ni mwajiri. Mfanyakazi ni mnufaika. Dalali aliyeshughulikia bima hiyo ni dalali wa mwajiri. Aweza kumsaidia mfanyakazi kwa wema au kwa maelekezo ya mwajiri, lakini wajibu wake wa kwanza hauko kwake. Jambo hili lina uzito pale masilahi ya wawili hao yanapoachana, mathalani mwajiri anapotaka bima ya mwaka unaofuata isipande bei kwa sababu ya madai mengi, au anapotaka mfanyakazi aliyeugua arejeshwe kwao.

Suala la malipo nalo huchanganya. Aghalabu dalali hulipwa kamisheni na kampuni ya bima, ingawa anamwakilisha mteja. Mwenye kumlipa si lazima awe ndiye anayewakilishwa. Kwa hiyo, mtu anayekutana na mtu wa kati yeyote, awe amejiita wakala au dalali, hana budi kuuliza maswali manne. Umepewa leseni na mamlaka gani, na jina lako limo katika orodha yake? Unamwakilisha nani katika mkataba huu? Unalipwa na nani, na kwa kazi ipi? Dai likikataliwa, utaandika barua ya kupinga kwa niaba ya nani? Mtu asiyeweza kujibu swali la kwanza hapaswi kupewa fedha wala nakala ya pasipoti.

5.0 Ugonjwa sugu na ugonjwa uliokuwapo

Mkataba wa bima husimama juu ya wajibu wa kusema kweli yote kuhusu jambo linaloweza kubadili uamuzi wa kampuni. Ndiyo maana fomu ya kujiunga huuliza habari za afya. Ugumu huja katika tafsiri. Fomu huuliza kama mtu ana maradhi yaliyokuwapo kabla ya bima kuanza, na mkalimani wa haraka hutafsiri: "Una ugonjwa sugu?" Katika Kiswahili, sugu ni kitu kisichosikia dawa. Mtu mwenye presha anayemeza kidonge kila asubuhi na kujisikia mzima atajibu "Sina", na kwa maana ya neno aliloulizwa hajasema uongo. Lakini fomu ilikusudia ugonjwa wowote uliowahi kutambuliwa au kutibiwa, uwe umetulia au haujatulia. Miezi michache baadaye akilazwa kwa kiharusi, daktari ataandika kwamba mgonjwa ana historia ya presha, na msimamizi wa madai atalinganisha maandishi hayo na fomu.

Hali kama hiyo hutokea kwa maneno ya maradhi. Homa yaweza kuwa joto la mwili, malaria au mafua. Sukari ni kisukari. Chango la uzazi na degedege ni majina ambayo jamii huyatumia kwa hali zaidi ya moja. Daktari aliyezoea wagonjwa wa pwani huuliza zaidi. Daktari wa ng'ambo huandika alichofasiriwa. Kwa kuwa dai hupimwa kwa jina la ugonjwa lililoandikwa, neno lisilo na mipaka huzaa dai lisilo na mipaka.

Kuna pia suala la stara. Katika utamaduni wa pwani, maradhi ya mtu hayatangazwi, hasa maradhi ya uzazi, na kumweleza mwajiri mambo hayo ni fedheha. Stara hiyo ina thamani yake na haistahili kubezwa. Lakini wahenga hao hao waliosisitiza stara ndio waliosema kwamba mficha maradhi kilio humuumbua. Njia ya kuyapatanisha haya ni kujua kwamba habari za afya huombwa na kampuni ya bima au msimamizi wa madai. Mfanyakazi aweza kuomba kujaza sehemu hiyo peke yake na kuiwasilisha bila kupitia mikono ya mwajiri.

6.0 Mwenendo wa dai

Mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii ya wafanyabiashara ndiyo muhtasari wa sehemu hii.

Jambo la kwanza ni taarifa. Mgonjwa au mtu wake humpigia msimamizi wa madai kwa namba iliyo kwenye kadi, hupewa namba ya kumbukumbu, na huiandika pamoja na tarehe, saa na jina la aliyepokea simu. La pili ni kibali, kwa matibabu yanayokihitaji. La tatu ni nyaraka: ripoti ya daktari yenye jina la ugonjwa, orodha ya vipimo na majibu yake, cheti cha dawa, ankara yenye mchanganuo na risiti ya malipo. Ankara huonyesha kinachodaiwa na risiti huonyesha kilicholipwa. Moja haichukui nafasi ya nyingine. La nne ni kuwasilisha ndani ya muda uliowekwa na hati, ukihesabiwa tangu siku ya matibabu au ya kutoka hospitali.

Jina nalo lina kazi. Mtu wa Rufiji huweza kujulikana kijijini kwa jina moja, kwenye kadi ya kliniki kwa jina na la baba, na kwenye pasipoti kwa majina matatu yenye tahajia nyingine. Msimamizi wa madai hana njia ya kujua kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja. Kila karatasi ya tiba inapaswa kufuata pasipoti, herufi kwa herufi.

Tuseme mfanyakazi wetu amekuja likizo Chumbi, akaugua, akapelekwa hospitali ya wilaya Utete. Swali la kwanza ni mipaka ya hati yake. Hati nyingi za msingi haziendi nje ya nchi ya kazi, na pale ziendapo hulipia dharura tu. Kadi yake ya Dubai haitambuliki Utete, atalipa kwanza. Akitaka kudai, ataomba risiti iliyotolewa na mfumo, ripoti ya daktari yenye mhuri, na tafsiri ya maandishi ya Kiswahili kwa Kiingereza au Kiarabu. Ni vyema ayaombe kabla hajatoka wodini, kwani akisharudi kazini mama yake ndiye atakayelazimika kuyafuatilia. Vilevile, mama na watoto waliobaki Chumbi hawamo katika bima ya mwajiri. Bima yao ni ya nyumbani, na fedha itumwayo kila mwezi haigeuki bima mpaka mchango wao ulipwe na wasajiliwe kwa majina yao.

Nyaraka za familia zinahitaji mahali salama. Mafuriko ya Aprili 2024 katika Rufiji na Kibiti yaliingia majumbani. Cheti cha kuzaliwa kilicholowa chaweza kupatikana tena kwa RITA, lakini muda wa dai hausubiri. Picha safi za vyeti, pasipoti, kadi na hati ya bima, zikihifadhiwa na ndugu wawili wa sehemu tofauti, hupunguza hatari hiyo.

Mwisho ni kifo. Kusafirisha maiti ni kipengele cha pekee katika hati ya bima. Hati nyingine huwa nacho, nyingine hazina. Familia isipojua, jambo la kwanza hufanywa kuwa kuchangisha. Rufiji ni nchi ya Waislamu walio wengi, na familia yaweza kuchagua maziko ya mapema hukohuko marehemu alikofia. Lakini uamuzi huo unapaswa kutokana na imani na radhi ya familia, si kwa sababu hakuna aliyejua kwamba gharama ya kumrudisha ilikuwa imeshalipiwa.

7.0 Dai linapokataliwa

Barua ya kukataa dai si hukumu ya mwisho. Inapaswa kutaja sababu na kifungu cha hati kilichotumika. Isipotaja, hatua ya kwanza ni kuomba vitajwe kwa maandishi. Sababu zinazotokea mara kwa mara ni kukosa kibali, hospitali kuwa nje ya mtandao, ugonjwa uliokuwapo kabla, tiba isiyofunikwa, nyaraka pungufu na muda kupita. Katika sababu hizi, upungufu wa nyaraka ndio rahisi zaidi kurekebishwa. Kibali kilichokosekana chaweza kujadiliwa ikiwa ilikuwa dharura na daktari amethibitisha.

Hatua ya pili ni malalamiko kwa kampuni yenyewe, na ya tatu ni kwa msimamizi wa soko. Katika Falme za Kiarabu ipo Sanadak, ofisi inayopokea malalamiko ya wateja wa benki na bima, na mjini Dubai Mamlaka ya Afya ndiyo inayosimamia bima ya afya. Oman ina Mamlaka ya Huduma za Fedha, iliyoanzishwa mwaka 2024 kuchukua nafasi ya Mamlaka ya Soko la Mitaji. Kwa hati iliyotolewa Tanzania, mlango ni TIRA na Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Kanuni ya kukumbuka ni kwamba malalamiko hufuata nchi ilikotolewa hati, si nchi alikozaliwa mgonjwa. Kumlalamikia TIRA kuhusu hati ya Dubai ni sawa na kuupelekea uongozi wa Ikwiriri mgogoro wa shamba lililoko Kilwa.

8.0 Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba mzaliwa wa Chumbi aishiye ughaibuni aweza kuwa na bima halali na bado akakosa tiba au marejesho, kwa sababu lugha yake ya bima ni ya mwanachama, ilhali mfumo unamtaka awe mdai. Wakala amjuaye si wa bima. Dalali amwogopaye aweza kuwa mshauri, lakini mshauri wa mwajiri. Fidia aitarajiayo haimo katika hati. Na "sugu" aliyoikana siyo aliyoulizwa.

Mapendekezo ni matatu. Kwanza, mabaraza ya lugha yashirikiane na TIRA kuweka maana moja ya wakala wa bima, dalali wa bima, msimamizi wa madai, mkata bima, mnufaika, marejesho ya gharama na ugonjwa uliokuwapo. Tangu sheria ya mwaka 2021 ilipoifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria nchini, kazi hii si ya hiari tena. Pili, mkataba wa ajira ya nje uambatane na ukurasa mmoja wa Kiswahili utakaotaja mkata bima, msimamizi wa madai, mipaka ya hati, sharti la kibali na kipengele cha kusafirisha maiti. Ukurasa huo usomwe mbele ya ndugu atakayebaki, kwa kuwa mgonjwa mahututi hawezi kupiga simu. Tatu, watafiti wapime kwa mahojiano, katika Rufiji na Kibiti, jinsi maneno haya yanavyoeleweka na wasafiri na familia zao. Makala haya yamechambua maneno na sheria. Namna maneno hayo yanavyofanya kazi katika kinywa cha mgonjwa na sikio la mpokea simu ni uwanja ambao bado unahitaji kulimwa.